Kambale Waliopasuliwa kwa Simu

Sostenes hakuipenda simu tangu mwanzo, na kama angeachiwa, ile ya kwake ingeshalala kwenye matope chini ya mto Ruvubu. Lakini mvuvi wa leo asiye na simu atamuuzia nani? Zamani wachuuzi walikuja kila Alhamisi, mvua inyeshe isinyeshe. Siku hizi, wapi! Mpaka uwapigie. Na kupiga kwenyewe ni kazi: kando ya mto simu inadaka mtandao wa Burundi, vocha inakwisha hujamaliza hata salamu. Basi wanaume wazima, wenye wajukuu, wanapanda kichuguu na kuinua mikono juu kutafuta mtandao wa nyumbani. Aibu tupu.

Wiki ile hakuwa na hiari. Mama yake alikuwa mgonjwa kule Nyamahanga, Biharamulo, na dada yake Deodata alishamwambia waziwazi: "Kaka, njoo umwone akiwa bado anakutambua." Nauli ilikuwa majini: kambale kumi na wanne, wazima, ndani ya tenga alilolizamisha na kulifunga kwenye mzizi. Kambale akiwa ndani ya maji hana haraka. Anaweza kukungoja hata siku nne.

Jumanne asubuhi akapanda kichuguu, akampigia Anneth, mchuuzi wa Biharamulo mjini.

"Kaka yangu, niko njiani! Nimeshavuka Lusahunga. Watoe, wapasue kabisa, nikifika napakia tu."

Akawatoa. Akawapasua wote kumi na wanne. Kosa ni hilo, maana kambale aliyepasuliwa habishani na jua.

Saa sita nzi wakajaa. Akapiga tena. "Pancha tu, kaka yangu, niko njiani." Saa nane: "Niko hapa Kanazi, nakuja." Saa tisa akashuka mtoni Mashimba, dereva wa lori la kwenda Kabanga, kuchota maji ya rejeta. Aliziba pua.

"Mzee, unamngoja nani na uvundo huu?"

"Anneth. Yuko hapo Kanazi."

Mashimba akacheka mpaka maji yakamwagika. "Anneth? Nimemwacha Biharamulo saa nne, anasukwa nywele. Kichwa hakijafika nusu!" Akajaza dumu lake, akaenda zake Kabanga.

Sostenes akawainamia samaki wake. Matumbo ya samaki yalikuwa yamegeuka rangi, yanatoa maji ya njano, na nzi wa kijani walitembea midomoni mwa kambale wanavyotaka. Lakini kilichomtia kinyaa zaidi ni ile sauti tamu. Kaka yangu, kaka yangu! Mtu anakuita ndugu huku anakuzika! Mdomo uko Kanazi, makalio yako kwa msusi. Afadhali mwizi, mwizi anajua kukimbia. Na si Anneth peke yake: wachuuzi, mafundi, wanasiasa, wote wako njiani, nchi nzima iko njiani na hakuna anayefika. Ptuu!

Akapanda kichuguu mbio, amtukane mpaka vocha iishe. Kabla hajabonyeza, simu ikaita. Ilikuwa namba ya Deodata, lakini sauti ilikuwa ya mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Sauti ilikuwa nyembamba, ya kuvutwa. "Umefika wapi?"

Sostenes aliwatazama wale kambale pale chini. Alitaka kusema kweli. Ulimi ukamtangulia.

"Niko njiani, mama. Nimeshavuka Lusahunga."

Kisha akamsikia mama akigeukia pembeni, ana furaha kama hana ugonjwa.

"Deodata! Mtengee kaka yako chakula. Na njoo uninyanyue, uniketishe. Sitaki anikute nimelala."

Simu ikakatika. Sostenes alibaki juu ya kichuguu, miguu mitupu, utelezi wa samaki waliooza umemfika viwikoni.