Kambare wa Emerensiana

Mimi Kidawa sijui kumung'unya maneno. Jirani yangu Emerensiana alikuwa anamtesa yule kambare, nami nilimwambia hivyo hivyo, uso kwa uso.

Marehemu mumewe, Damiani, alimtoa mto Lukuledi akiwa hazidi kidole, wiki mbili kabla presha haijamwangusha. Samaki walimweka sebuleni, ndani ya tangi la kioo, hapa kwetu Mitwero. Miaka mitatu sasa, samaki ana unene wa mkono wangu, na mimi si mwembamba! Akitaka kugeuka lazima ajikunje, na pua imechubuka kwa kugonga kioo.

"Shoga, huyu bado anakua," nikamwambia.

"Atakoma mwenyewe, dada Kidawa. Mbona vibuyu vinakoma?"

Loh! Emerensiana ni mtu wa Newala, kwao wanalima vibuyu. Kibuyu kichanga ukikifunga kamba shingoni, hapo hakipanuki tena. Basi akadhani na kioo kitamzuia samaki. Mtu mzima na akili zake!

"Kibuyu hakisikii maumivu," nikamjibu kwa hasira. Nikamvuta hadi kwenye tangi, nikamwonyesha uti wa mgongo unavyopinda. Akamtazama weee.

"Nikimtoa, nitabaki na nini cha Damiani?"

Roho iliniuma kweli.

Jumamosi asubuhi akaja kunigongea mwenyewe. Tukamtia kambare kwenye ndoo kubwa, tukaifunika kanga, tukachukua bajaji hadi mtoni. Emerensiana akaingia maji ya magoti, akamwachia.

Samaki hakwenda. Alizoea kulishwa kwa mkono, kwa hiyo kila akisukumwa anarudi, anamgusagusa vidole kutafuta dagaa wake. Na hatua chache tu kutoka pale, wavuvi walikuwa wanatandaza nyavu.

"Nenda, baba," akambembeleza. Wapi!

Emerensiana, ambaye hajawahi kufukuza hata kuku wa watu, akainama akaokota mawe. La kwanza lilianguka kando. La pili likampata mgongoni.

"Toka! Sikutaki! Toka hapa!" Alikuwa analia kwa sauti. Maji yakatibuka, kambare akakimbilia penye kina, hatukumwona tena.

Bado akawa anatupa mawe. Nikamkamata mikono, nikamkumbatia.

"Nimempiga, dada," akasema. "Samaki wa Damiani, nimempiga."