Majani Mbele ya Gereji

Gereji yangu ilienea yote juu ya meza ndogo, kwenye kibaraza cha nyuma, nyumbani kwetu Kinyerezi. Mabati nilikata kwenye makopo ya soda, nikayabana kwenye meno ya kitana mpaka yakapata migongo. Sakafu ilikuwa saruji niliyoichekecha kwa soksi, na juu yake nikadondosha oili chafu ya kweli niliyoomba kwa fundi pikipiki, maana gereji safi ni gereji ya uongo. Mimi ni karani na sijawahi kumiliki gari. Nakusanya yale madogo ya chuma yanayoenea kiganjani, nayapiga picha kwa simu asubuhi jua likiwa bado la upande, na mtu asiponiuliza nimelinunua lini, najua picha imeharibika.

Baba mkwe, dereva mstaafu wa malori, alikuja kutoka mkoani kukaa nasi wakati lori langu la bluu limevunjika ekseli. Nilikuwa nimeliacha mbele ya mlango wa gereji, limeinama upande, nikitafuta gundi nzuri. Asubuhi moja nikakuta kitawi cha majani nyuma ya lori, kingine mbele yake, na kijiwe kimesukumwa chini ya tairi. Nikavitoa. Kesho yake vilikuwepo tena, majani mabichi kabisa.

Hapo nikashtuka. Nimelelewa na watu wanaosali sana, lakini ambao pia hawaamini kwamba majani hujipanga yenyewe. Mbele na nyuma, mtu huyu ananifunga nini? Wiki ileile kazini walikuwa wamepandisha vyeo na jina langu likarukwa. Nikayachoma yale majani kwa mafuta ya taa, nikamwaga chumvi ya mawe kuizunguka meza. Asubuhi iliyofuata chumvi ilikuwa imefagiliwa vizuri na majani yako palepale.

Nyumbani tulikuwa watatu, na mke wangu ni mwalimu anayeondoka alfajiri. Kwa hiyo ni mzee. Nikaanza kumchunguza. Anazunguka uani mikono nyuma, anasimama kwenye mwarobaini, anachuma. Akiniona, anaushusha mkono. Chai anainywa huku ameikazia macho meza yangu. Siku aliyonimenyea chungwa, nilishukuru, nikalitia mfukoni, nikaenda kulitupa njiani.

Kumuuliza sikuweza. Kwetu baba mkwe unamwamkia, unajibu anachokuuliza, basi. Na mke wangu ningemwambia nini, kwamba baba yake mzazi ni mchawi? Nilimpigia mshenga wetu, yule aliyepeleka posa yangu, nikamweleza yote, majani kwa mawe. Alikuja Jumamosi akakaa na mzee uani kama nusu saa, mimi nikijifanya natengeneza bomba. Siku hiyohiyo mzee akamwambia binti yake kwamba joto la Dar limemshinda, anataka kurudi kwake.

Mke wangu alilia. Nikambembeleza kwa sura ya huzuni, na moyoni nilikuwa na nafuu tupu. Sijivunii hilo.

Nilimsindikiza mzee stendi mwenyewe. Wakati wa kurudi, foleni ikasimama mlimani. Lori la mchanga lilikuwa limekatika ekseli, limelalia upande. Nyuma yake barabarani walikuwa wamelaza matawi ya mti, mbele matawi mengine, na chini ya tairi jiwe kubwa. Kitu ambacho nimekiona maisha yangu yote. Niliona aibu ya mwili mzima, mpaka masikio yakawaka.

Nikasubiri afike, nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikajikaza, nikamuuliza kuhusu majani.

"Gari lilikuwa bovu, limesimama njiani," akasema taratibu. "Mtu angekuja akalivaa kwa nyuma. Nikiona umeyatoa, nadhani umeshalitengeneza. Naangalia, bado."

"Sasa baba, mbona hukumwambia mshenga?"



"Ningemwambia, angekuja kukueleza, nawe kwa aibu ungemkasirikia nani? Anayeishi humo na wewe ni binti yangu, si mie."

Niliomba msamaha. Akasema yamekwisha. Lakini hajarudi.

Mwezi uliopita mke wangu alimpigia, akaweka sauti ya nje ili sote tusikie, akamsihi aje kula Krismasi na sisi. Hajui lolote mpaka leo. Hata hivyo kuna siku ananitazama kwa muda mrefu baba yake anapotajwa, na mimi nainuka kwenda kutafuta kitu chumbani.

"Joto la huko, mama," mzee akamjibu. "Siliwezi."

"Baba, si kisingizio hicho? Kuna kitu tulikukosea?"

Swali hilo mzee aliniachia mimi. Mke wangu akanisogezea simu mdomoni. "Na wewe sema basi."

Nikainama. "Shikamoo baba," nikasema. "Ni kweli, mwaka huu joto limezidi."