Jina Langu Kwenye Albamu ya Tatu ya Konsolata

Admin, jina langu lifiche, ila bahati yangu usiifiche. Nina miaka sitini na mbili, naishi Songea, na mkoa mzima wa Ruvuma hakuna mwanaume mwenye nyota kama yangu. Nimetoka kwenye ugomvi wa chupa, viti na kisu cha buchani bila mkwaruzo hata mmoja, na mgongoni nimembeba mwimbaji mzuri kuliko wote waliowahi kushika maiki mjini hapa. Mwimbaji huyo leo ni mke wangu. Darasa la saba nilifeli, lakini nimefika Lusaka, nimefika Blantaya, nimekula na mawaziri. Sawa, na madereva wao.

Mke wangu nitamwita Konsolata. Enzi za ruksa, ushirika ulipochoka kulisha bendi, tajiri mmoja alinunua magitaa yote na sisi akatubeba humohumo. Jazz yetu ikaanza upya, mimi besi, Konsolata sauti. Alitoka kwaya ya kanisani na sauti nzito inayoanzia tumboni, akianza kuimba hata wahudumu wa bia wanasimama. Albamu ya kwanza tulirekodi Dar, nyimbo sita kwa siku moja. Ya pili tulirekodi hapahapa kwenye ghala la mahindi, mablanketi yametundikwa ukutani, na ukisikiliza vizuri wimbo wa nne kuna jogoo anawika. Kanda zilipigwa kila kioski kuanzia Madaba mpaka Tunduru. Ya tatu nyimbo zilikuwa tayari. Haikutoka, na sababu ni mdomo wangu.

Siku hizo mtu akitaka kutajwa kwenye wimbo anatuma kikaratasi jukwaani. Konsolata macho yalimsumbua, kwa hiyo mimi nasoma, namnong'oneza, yeye anachomeka jina, na mwenye jina anainuka na bia yake kucheza kama kuku aliyekanyaga kaa la moto.

Jumapili moja kwenye bugi, dansi la mchana, vikaratasi viliisha. Nikamwona Bosko, dereva wa lori la tumbaku kutoka Namtumbo, yuko meza moja na Agnesi, mke wa Gaudensi muuza nyama. Mji mzima ulijua habari zao isipokuwa Gaudensi mwenyewe. Basi nikajifanya nasoma kiganjani.

"Mtaje Bosko na Agnesi wake."

"Una hakika?"

"Kimeandikwa, mama. Mimi ni nani nibishane na karatasi?"

Akaimba. Ukumbi ukacheka, akarudia mara tatu. Wala sikujua Gaudensi amesimama mlangoni, katoka buchani na aproni yake ya damu na kisu mkononi.

"Agnesi wa nani?"

Chupa ya kwanza ilimpasukia Bosko kichwani. Bosko akanyanyua kiti, akamvunjia Gaudensi meno, jino moja nililiona linaruka juu ya ngoma. Kisu kikaingia ubavuni mwa Bosko, kikatoka, kikaingia tena. Madereva wakawavaa wauza nyama, watu wakapita madirishani na vioo vyake, mwanamke mmoja akakanyagwa mpaka mkono ukageuka nyuma. Katikati ya hayo Gaudensi akapanda jukwaani.

"Rudia! Rudia nisikie vizuri!"

"Kaka Gaudensi, mimi nimepewa kikaratasi tu."

"Kiko wapi?"

Konsolata akageuka kunitazama mimi. Gaudensi akachukua stendi ya maiki, ile ya chuma, akampiga nayo kooni. Maiki ilikuwa bado imewashwa. Mlio wa koo lake ulitoka kwenye spika zote, na mpaka leo nikisikia mtu anakanyaga kuni kavu natapika.

Gaudensi alipigwa na watu mpaka polisi wakamkuta hajulikani sura, akafungwa, akafia gerezani. Bosko alikutwa amekufa mtaroni karibu na hospitali, mvua inamnyeshea. Watu wakasema alikuwa anakimbia, akamwacha Konsolata jukwaani anavuja damu. Konsolata alipozinduka, koo limeshonwa, aliomba kalamu akaniandikia: "Mlongo wangu, wewe ndiye ndugu, umenibeba." Mwaka uliofuata nikamuoa.

Sasa binti yetu amezihamisha kanda zile mbili kwenye simu, watu wamezipenda, na mwenye studio mmoja mjini amemwita mama yake arekodi albamu ya tatu. Sauti yake siku hizi ni kama msumeno kwenye mbao mbichi, lakini ukiisikia utanyamaza. Anaingia studio Jumamosi. Wimbo wa kwanza unamsifu mwanaume aliyembeba. Jina langu limo mara tatu. Ubeti wa pili unasema Bosko alikimbia.

Nikamwambia, "Mama Rehema, toa jina langu, tena na la marehemu."

"Wewe ulitajisha watu wote jukwaani, leo unaona haya? Zamu yako, baba. Kaa utulie utajwe."

Mtoto wa Bosko anauza viatu sokoni. Kila nikipita ananiinukia: "Shikamoo mzee." Huo wimbo utapigwa mpaka kwenye bajaji anazopanda.

Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Nikae kimya aimbe, au niseme kabla ya Jumamosi, nimpoteze mke uzeeni? Matusi nayapokea, ila subirini kidogo, maana hamjasikia.

Kikaratasi hakikuwepo, hilo hajui. Na sikumbeba. Gaudensi aliponyanyua ile stendi, mimi nilijichimbia chini ya jukwaa. Kwenye nafasi ya mbao niliona viatu vya Bosko vimejaa damu, vinayumba, akamnyanyua Konsolata mgongoni na matumbo yake mwenyewe ameyashika kwa mkono. Nilifuata matone yao kwa mbali. Akamlaza kwenye benchi la hospitali, akatoka kutafuta mtu, akaanguka mtaroni. Mimi ndipo nikaingia, nikamkumbatia Konsolata ili damu yake inishike. Nesi akauliza nani kamleta. Nikasema mimi.

Sina bahati yoyote. Sina mkwaruzo kwa sababu nilijificha.