Majivu Katika Ndoo ya Viwavi

Mwaka ule viwavijeshi walipovamia Mnyambe, ghala la ushirika lilikuwa tupu. Serikali ilishajitoa katika biashara ya dawa. Mkulima aliambiwa akanunue mwenyewe Masasi, kwa bei ya mwenye duka. Mimi nilikuwa bwana shamba asiye na dawa wala baiskeli nzima.

Mtaalamu mmoja alitufundisha njia nyingine. Okota viwavi waliokufa kwa ugonjwa, wale weusi wanaoning'inia kichwa chini. Waponde, chuja, nyunyizia mahindi. Maji yale yana virusi vilivyofungwa ndani ya punje ndogo sana za protini. Kiwavi akila jani, ukali kama wa magadi ulio tumboni mwake huyeyusha punje. Virusi vikitoka, protini nyingine zilizo juu yake hung'ang'ania ukuta wa utumbo hadi vipenye na kumwua.

Nilianza na shamba la mama mkwe. Niliokota viwavi asubuhi nzima, nikatapika mara moja, nikawaponda na kuchuja, nikapata ndoo mbili. Ya kwanza nikanyunyizia upande wa juu. Niliporudi kuchukua ya pili, nikakuta maji yamegeuka kijivu.

"Mama, humu mmetia nini?"

"Majivu, baba. Nimekuongezea nguvu."

Nilitamani kupiga kelele, lakini mama mkwe hapigiwi kelele. Nikachuchumaa, nikatazama chini.

"Mama, majivu yana ukali kama wa tumbo la kiwavi. Zile punje zitayeyukia humu ndooni."

"Si ndiyo vizuri? Virusi vitawahi kutoka."

"Vikitoka mapema vinakufa, mama. Jua litavimaliza kabla havijaliwa."

Akanitazama kwa huruma. "Baba, dawa gani hiyo inayosubiri kuliwa na mdudu? Nyunyizia."

Nikanyunyizia upande wa chini. Ningefanya nini?

Baada ya wiki moja, upande wa juu viwavi walining'inia kwenye kila bua, wamelainika kama uji. Upande wa chini walibakiza mabua matupu. Mama mkwe alizunguka shamba lote. Nikangoja neno lake.

"Huku chini hukunyunyizia vizuri," akasema.

Siku ile ile majirani walikuja na vikopo kuokota viwavi waliokufa. Nikamsikia akiwaelekeza: "Msitie majivu. Huyu mkwe wangu hajui kunyunyizia dawa yenye majivu."

Nikaenda kuwaonyesha namna ya kuchuja.