Mahari ya Bi Shufaa Ndani ya Mzinga

Bi Shufaa wa Kitui alikuwa na gitaa lisilopigwa kama magitaa mengine. Lililazwa mapajani kama mtoto anayepakwa mafuta, na nyuzi zake hazikubonyezwa kwa vidole. Zilitelezewa kipande cha chuma mpaka zikalia kama mtu anayekumbuka kwao. Kifuani lilikuwa na sahani ya bati yenye matundu, ambayo kila mgeni aliifananisha na chujio la chai na kudhani amekuwa wa kwanza kuliona hilo.

Mumewe, Hemedi, alilinunua mwaka 1946 kwa Mgoa mmoja wa reli aliyekuwa akirudi kwao, na mwaka huohuo akalitoa mahari. Mashahidi walicheka, shehe akaandika. Kufikia 1952 Hemedi alikuwa kaburini, na Bi Shufaa ndiye aliyeitwa arusini, Kitui na Mwingi, kuwachezesha wanawake. Bila gitaa angeitwa pia, lakini kuchambua mchele.

Ndipo ikaja barua kutoka Kibwezi. Shemeji yake Abubakar, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa amekumbuka, baada ya miaka sita ya kutokumbuka, kwamba gitaa lilikuwa la baba yao Mzee Salim, aliyefariki mwaka wa njaa ya Nzalukangye, yaani 1929. Mali ya urithi isiyogawanywa haitolewi mahari. Alilete, wazee walione.

Hoja ilikuwa nzuri, kasoro yake ni kwamba haikuwa kweli. Lakini ingethibitishwaje? Kama gitaa lilitengenezwa baada ya 1929, basi Mzee Salim hakulishika, na mahari ni mahari. Bi Shufaa akaanza kutafuta mwaka.

Mwalimu Ndeti wa shule ya jirani alichungulia kwenye tundu la pembeni. "Kuna karatasi ya kiwanda. Imeandikwa kumi na tisa…"

"Kumi na tisa na ngapi?"

"Basi. Zilizobaki zimeliwa na mchwa."

Mchwa wa Kitui wamesoma. Wanajua pa kuanzia. Fundi baiskeli naye alilinusa gitaa, akasema ni la kabla ya vita.

"Vita gani?"

"Chagua wewe, mama."

Na hata mwaka ungepatikana, gitaa lingefikaje Kibwezi? Muktar, mwenye lori, alilitazama kama mtu anayeonyeshwa yai kwenye kinu. "Mama, juu nabeba mbuzi kumi na wanne. Mbuzi hana adabu na muziki. Leta sanduku ama uliache nyumbani."

Sanduku la bati la nguo lilipokea mwili likakataa shingo. Seremala alisema aje mwezi wa tatu, na huo ulikuwa wa kumi na moja. Bi Shufaa akashona gunia maradufu na kulijaza pamba.

"Hilo ni nguo," akasema Muktar. "Mimi nilisema sanduku."

Ikabaki mizinga ya nyuki. Ndululu, mchongaji wa mizinga aliyekaa nyuma ya soko, alikuwa na gogo moja kubwa alilokwisha kulitoboa, lenye vifuniko pande zote mbili. "Mlete huyo mgonjwa," akasema. Gitaa likaingia, likakwama. "Hii bati yako inakwaruza. Natoa, nakwangua gogo kidogo, narudisha."

Akafungua skrubu, akainua sahani. Chini yake, kwenye mbao safi ambayo mchwa hawakuifikia, mtu wa kiwandani alikuwa ameandika kwa penseli: 1936.

Bi Shufaa akapiga kelele. Ndululu aliruka nyuma hatua tatu. "Wako wapi? Nyuki?"

Mwalimu Ndeti aliitwa, akaandika barua ya ushahidi na kuigonga mhuri wa shule. Gitaa likalazwa ndani juu ya katani. Na Ndululu, kwa mazoea ya miaka arobaini ambayo mkono wake haukumuuliza, akachoma chuma motoni na kuupiga mzinga alama ya mbari yake: mistari mitatu na duara. Bi Shufaa aliona ni pambo. Akamshukuru.

Safari ilimchukua siku mbili, kupitia Machakos na Kiboko, na alikaa kwa nafasi kuliko abiria yeyote, kwa kuwa hakuna aliyetaka kujua kama mzinga una wenyewe.

Kibwezi walikaa wazee watatu, wote Wakamba waliosilimu. Mkubwa wao, Mzee Ngumbau, alikuwa amesilimu yeye. Mizinga yake bado. Bi Shufaa akatoa barua ya mwalimu. Mzee hakuitazama. Alikuwa akipitisha kidole juu ya alama.

"Huu ni wa nani?"

"Ni wangu, Mzee. Fungua uone mwaka."

"Alama si yako. Wewe Mswahili, huna alama. Mzinga wa mtu haufunguliwi kama hayupo, na kilichomo ni chake. Ukifungua wewe ni mwizi wa asali."

"Hakuna asali! Kuna gitaa!"

"Hata nyuki wakijenga duka humo, duka ni la mwenye alama."

Wale wawili wakaitikia kwa kichwa. Abubakar akasimama. "Wazee, hii ni kesi ya mirathi! Kuna sheria!"

"Sheria tutaifikia mzinga ukifunguliwa."

"Utafunguliwa lini?"

"Mwenyewe akija."

Bi Shufaa, mwenye vumbi la siku mbili kwenye nyusi na mwaka 1936 mkononi, alifungua kinywa apigane. Akakifunga.

"Kwa hiyo, Mzee, kilichomo si cha shemeji."

"Si chake."

"Akikigusa?"

"Atatoa fahali."

"Nimeridhika."

"Lakini hata wewe si lako, shemeji!" Abubakar akapaza sauti.

"Nimesikia. Nampelekea mwenyewe."

Kitui, Ndululu alisikiliza hukumu hadi mwisho. "Sasa mimi nitalifanyia nini? Halitoi asali. Chukua. Nitaifuta hiyo alama leo."

"Ukiifuta, Abubakar atakuwa hapa kesho. Iache. Nikialikwa arusini utakuja kunifungulia."

"Kila arusi?"

"Kila arusi."

Ndululu alimwomba, akamwapia, akamwita mwaitu, mama yake, mara tano. Hakusaidika. Hadi Abubakar alipofariki, mwaka 1958, hakuna mkono mwingine uliofungua mzinga ule. Ndululu alikwenda Mwingi amekunja uso, akarudi vivyo hivyo, na kwa kuwa hakupenda kuharakishwa, miaka sita hakuna arusi iliyoanza kwa wakati.