Pasta wa Waberi

Mmishonari wa mtaa wetu wa Waberi alivuka bahari kuja kutuokoa, akajiharibia kwa kujitambulisha. "Mimi ni pasta," alisema, mkono kifuani. Sisi Wasomali herufi p hutushinda. Tukasikia baasto, zile tambi tunazokula kwa nyama ya mbuzi, na ndilo likawa jina lake. Hakukata tamaa. Kila asubuhi alipita na soksi zake nyeupe katika vumbi letu, akiwanyooshea wanawake mkono ambao hakuna aliyeushika, kisha akijikuna nao kichwa kana kwamba aliutoa kwa kazi hiyo. Ukisimama tu, utaambiwa jinsi Mungu alivyomwita kwa jina na kumwonyesha Garissa kwenye ramani. Tulimsikiliza kwa adabu, tukakisifu Kiswahili chake, mpaka adhana ikatuokoa.

Mwaka wa ukame, malaria ikamlaza. Mama Weris, jirani ambaye ng'ombe wake walikuwa wamekwisha wote, aliingia na sahani ya baasto. Mgonjwa akanyoosha mkono kama kawaida yake, akatiwa kijiko kiganjani.

"Mungu aliniita," akaanza.

"Najua. Kula," Weris akamwambia. "Hata mimi ameniita leo, wallahi. Amesema kuna mzungu hapa jirani, ana njaa."