Ngoma Isiyokimbia

Harufu ya ngozi ya mbuzi iliyopashwa moto hunirudisha Columbia Heights, nikiwa popote. Karibu na nyumba tuliyopanga kulikuwa na ukumbi ambamo Mama Neide, Mbrazili mwenye sauti ya kukwaruza, aliwafundisha watoto wa mtaa ngoma za kwao. Siku za mvua ngozi zililegea, naye alizipanga mbele ya hita mpaka ukumbi ukanuka kama zizi.

Wenzangu waligombea vitu vidogo vyenye makeke: tamborim, kigoma cha mkononi kinachopasua masikio, agogo, kengele mbili zilizoungana, na kuika, ngoma yenye kijiti ndani kinachosuguliwa kwa kitambaa kibichi hadi ilie kama mbwa aliyefungiwa nje. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na mabega ya mama yangu, nikapewa surdo, ngoma kubwa kupita zote. Cheka ukitaka, lakini nilijiona malkia.

Surdo zilikuwa mbili, zikizungumza: moja inauliza, nyingine inajibu. Mkono mmoja unapiga kwa rungu lenye kichwa laini, mwingine unaifunga ngozi mlio usimwagike. Ngoma nyingine zote zinaruka juu yake. Surdo ikikimbia, wote wanaanguka.

Nami nilikuwa nakimbia. Nilirithi. Baba yangu alikuwa mpiga ngoma wa kwaya tangu kambi ya wakimbizi, kabla hatujahamia nchi hii, na katika kanisa letu la Wakongo, sifa zikipanda, ngoma inapanda nazo. Akina mama wakipiga vigelegele, mpigaji anaongeza mwendo bila kuambiwa. "Ngoma inafwataka bantu," Baba alisema, yaani ngoma hufuata watu, na neno lake lilikuwa amri. Mama naye alihubiri kila siku kwamba haraka haraka haina baraka, lakini Jumapili alikimbia kuliko wote.

Basi mazoezini mtu akishangilia tu, mikono yangu ilitoka mbio. Mama Neide alivumilia hadi akachoka. Akaniambia nikikimbia tena kwenye gwaride la mtaa, surdo ataipata mwingine, nami nitapewa manyanga ya kutikisa. Manyanga! Nililia njia nzima hadi nyumbani.

Siku ya gwaride Baba alikuja moja kwa moja kutoka Golden Valley, alikosafisha maofisi, bado amevaa sare. Alikuja na nusu ya kanisa, vitenge na chupa za chai. Tulipofika mbele yao akina mama wakaachia vigelegele, na Baba akaanza kupiga makofi. Akapandisha. Kanisa lote likapanda naye. Nikasikia tamborim zikiyumba, zinavutwa. Baba akaniinulia nyusi, kama anavyomfanyia mpigaji mwenzake: twende!

Nilimtazama machoni. Kwetu mtoto hamkodolei baba yake macho. Nikaifunga ngozi kwa mkono wa kushoto, nikapiga palepale pangu. Tena palepale. Niliogopa, nisiwafiche, lakini mkono haukuogopa. Tamborim zikarudi. Makofi ya Baba yakasita, yakatafuta mahali pa kukanyaga, kisha yakashuka hadi kwenye ngoma yangu, na kanisa likashuka naye.

Nilijua nimejitafutia. Jioni Baba alikula wali na sombe, majani ya muhogo, kisha akasema, "Leo ulinikatalia mbele ya bantu."

"Sorry, Papa. Lakini ile haikimbiaka."

"Nilisikia." Akajipakulia tena, akamgeukia mama yangu. "Mama Furaha, pilipili iko wapi?"

Mambo yakaishia hapo. Surdo ilibaki yangu, na kwa miaka nilisimulia kisa hiki kama ushindi wangu. Nilipoanza kazi mwenyewe, nikiwa na bosi na saa za kuripoti, ndipo nilipomwona Baba vizuri. Katika nchi hii alifuata kila kitu: ratiba ya basi, msimamizi mdogo kuliko yeye, hata Kiingereza cha watoto wake. Palikuwa na mahali pamoja tu alipoongoza, napo ni kwenye mdundo, mbele ya watu wa kanisa. Angeendelea kupiga makofi yake, ningevunjika nikamfuata. Mimi nilisimama tu nilipokuwa. Aliyeshuka ni yeye.